Malezi kwa simu: Tukumbuke mizani ya Iringa

Miongoni mwa mambo ambayo watumishi wa umma na walimu wa Mbeya na Iringa hawana budi kuyaamua siku hizi, limo hili la kuchagua programu za simu za kuwasaidia katika malezi ya watoto. Mzazi anaambiwa kwamba ipo programu ya kumfundisha namna ya kumlisha mtoto mchanga, ipo ya kumwezesha kuidhibiti simu ya kijana wake, na ipo ya kuwasaidia baba na mama wasioishi nyumba moja wapatane juu ya ada, matibabu na likizo. Programu hizo hutangazwa kwa maneno matamu, na mzazi mwenye kazi nyingi huvutiwa. Kuvutiwa si kosa. Kosa ni kuchukua chombo bila kujiuliza kinafanya kazi gani, na kwa faida ya nani.

Maoni yetu ni kwamba programu yoyote ya malezi ipimwe kwanza kwa swali moja: baada ya programu hiyo kutoa taarifa, yupo mtu anayewajibika kuchukua hatua kwa ajili ya mtoto? Kama yupo, chombo hicho chafaa hata kikiwa duni. Kama hayupo, basi hata kikiwa na picha nzuri na rangi za kupendeza, ni pambo tu katika simu. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini haihitaji kwenda mbali kulithibitisha jambo hili, kwa maana historia yake yenyewe inatosha.

Wazazi wa barabara moja

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Kutoka Iringa mpaka Mbeya, kwa kupitia Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, ni safari ya zaidi ya kilometa 300. Katika barabara hiyo moja wamo wazazi wengi wanaolea mtoto mmoja wakiwa katika miji miwili. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mbarali, baba ni afisa wa halmashauri huko Mufindi. Wengine wametenganishwa na kituo cha kazi, wengine na talaka, na wengine hawakupata kuoana kamwe. Sababu zinatofautiana, lakini mtoto ni yule yule, na mahitaji yake hayangoji mwisho wa mwezi.

Aidha, mara nyingi mtoto huyo hayuko kwa baba wala kwa mama. Yuko kwa bibi yake Kilolo au Rungwe. Ama yuko nyumbani pamoja na msichana wa kazi, ambaye pengine naye angali mtoto. Sote twajua jinsi wasichana wengi wanavyotoka vijiji vya Iringa kwenda kulea watoto wa watu katika miji mikubwa, wakati wao wenyewe bado wanahitaji kulelewa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na katika nchi yetu mikono hiyo haijapata kuwa miwili tu. Kuna bibi, shangazi, mjomba, jirani na mwalimu wa darasa. Programu inayodhani kwamba mtoto ana walezi wawili tu, wote wenye simu janja na wote wanaosoma Kiingereza, imetengenezwa kwa ajili ya watu wengine.

Mizani ya Iringa

Tunasema historia ya mikoa yetu inatosha, na ushahidi ni huu. Kuanzia mwaka 1983 Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado na Njombe ndani yake, ulitekeleza mpango wa lishe kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Mpango ulianza katika vijiji 168. Vyombo vyake vilikuwa mizani ya kuning'iniza, kadi ya karatasi na daftari la kijiji. Kadi ilikuwa na rangi tatu: kijani kwa mtoto mwenye uzito mzuri, kijivu kwa aliyepungua, na nyekundu kwa aliye hatarini. Mama asiyejua kusoma aliweza kuielewa.

Lakini nguvu ya mpango ule haikuwa katika kadi. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa hadharani, na matokeo yakapelekwa mbele ya uongozi wa kijiji. Pale iliulizwa: watoto wangapi wako katika nyekundu, ni wa nyumba zipi, kwa sababu gani, na nani atafanya nini kabla ya kupima tena? Waliita njia hiyo kutathmini, kuchambua na kuchukua hatua. Ikionekana kwamba mama anashinda shambani na mtoto hali zaidi ya mara mbili kwa siku, kijiji kilitafuta namna ya kuwalisha watoto wadogo mchana. Hapo takwimu iligeuka kuwa agizo, na agizo likawa na mtu wa kulitekeleza.

Matokeo yalionekana. Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji vile vya mwanzo, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi asilimia 38 hivi, na wale waliokuwa katika hali mbaya kabisa wakashuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya asilimia 2. Mafunzo ya Iringa yalisaidia kuijenga ramani ya fikra ambayo UNICEF iliitangaza mwaka 1990 na ambayo imetumiwa katika nchi nyingi: kwamba utapiamlo hautokani na upungufu wa chakula peke yake, bali pia na matunzo ya mtoto na huduma za afya.

Sasa tutazame tulipo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mwaka 2018 mkoa huo ulikuwa na asilimia 47. Udumavu hupimwa kwa urefu na si kwa uzito, kwa hiyo tarakimu hizi hazilinganishwi moja kwa moja na zile za miaka ya 1980. Hata hivyo zinatosha kutuhuzunisha. Huu ni mkoa uliohesabiwa pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma katika ile mikoa minne mikubwa ya kuilisha nchi. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vipo, matunda yapo, na mtoto amedumaa.

Tena amedumaa katika zama ambazo simu imeenea kuliko mizani ilivyopata kuenea. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba kinachotupungukia ni habari. Mwalimu anayeishi Mafinga anaweza kupata maelezo ya lishe ya mtoto kwa dakika moja. Kilichopungua ni ule mkutano wa kijiji uliokuwa ukiuliza: nani atafanya nini kabla ya kupima tena?

Vyombo vya wageni na vyombo vyetu

Kwa kipimo hicho tuziangalie programu zenyewe. Marekani ipo OurFamilyWizard, iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya wazazi waliotengana. Ina kalenda ya siku za mtoto kwa baba na kwa mama, ina daftari la matumizi, ina sanduku la barua zisizofutika, na hata ina kifaa cha kumwonya mwandishi kwamba maneno yake ni makali. Kila mzazi huilipia ada yake kwa dola. Iko pia TalkingParents, yenye shabaha kama hiyo. Nguvu ya programu hizo haitoki katika ufundi peke yake. Huko majaji huwaamuru wazazi wagomvi kuzitumia, na barua zilizomo huletwa mahakamani. Nyuma ya programu yuko hakimu. Mtumishi wa Mbeya anayeilipia OurFamilyWizard kwa dola, wakati mwenzake wa Iringa hakubali hata kujiandikisha, amenunua nusu ya daraja.

Upande wa pili kuna mfano wa kwetu. Mwezi Novemba mwaka 2012 ilianzishwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila malipo, akaletewa ujumbe wa Kiswahili kulingana na umri wa mimba au wa mtoto: siku ya kliniki, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Mamilioni ya ujumbe yalitumwa kwa njia hiyo. Haikuhitaji simu janja wala intaneti, na kila ujumbe ulimwelekeza mama mahali palipo na muuguzi wa kumhudumia. Kadhalika huko Mwanza imejaribiwa programu ya Kiswahili iitwayo ParentApp kwa familia zenye vijana, iliyobuniwa ili masomo yake yafuatwe hata pasipo intaneti. Hizi ni dalili kwamba wataalamu wakiianza kazi yao kwa kuyatazama maisha ya mzazi, chombo huja kikiwa na umbo la kufaa.

Ama zile programu za kuidhibiti simu ya mtoto, kama Family Link ya kampuni ya Google iliyotolewa mwaka 2017, zina manufaa yake. Mzazi aweza kuweka saa za kuizima simu na kuzuia yasiyofaa. Hata hivyo kijana wa kidato cha pili atakayefungiwa simu yake atakwenda kwa rafiki mwenye simu isiyofungwa. Zaidi ya hapo, kuna wazazi waliotengana ambao huitumia simu ya mtoto kumpeleleza mzazi mwenzao: yuko wapi, yuko na nani, amelala saa ngapi. Huko si kulea. Huko ni kumgeuza mtoto kuwa shushushu katika nyumba ya mama yake, na mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuyaona madhara yake, pale mtoto aliyekuwa mchangamfu anapoanza kunyamaza.

Mambo manne ya kupima

Basi mzazi achague vipi? Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, programu imfikie yule anayemshika mtoto mkononi. Ikiwa mtoto yuko kwa bibi mwenye simu ya vitufe, programu nzuri ya simu janja haimfikii. Kwa familia hiyo, mpango wa kupiga simu kila Jumatano na Jumapili jioni, pamoja na daftari moja la shule ambamo bibi au mwalimu huandika yaliyotokea, una thamani kubwa kuliko programu ya dola. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Asiyepiga simu leo hatapiga hata akipewa programu kumi.

La pili, iweke kumbukumbu ya fedha bila ugomvi. Hapa tayari tunacho chombo kizuri kuliko tunavyodhani. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na leo mitandao yote mikubwa hutoa huduma kama hiyo. Kila muamala una tarehe, kiasi na namba. Wazazi waliokubaliana kwamba fedha ya mtoto itatumwa kwa namba moja, tarehe moja ya mwezi, bila kuchanganywa na fedha nyingine, wamekwisha kupata daftari la matumizi. Anayepokea naye apige picha risiti za ada, sare na dawa, azihifadhi katika kundi moja la WhatsApp linalozungumza habari za mtoto tu. Ugomvi wa wakubwa uwe na mahali pake pengine.

La tatu, kumbukumbu hiyo iwe na mahali pa kufika. Wazazi wengi hawajui haki ya mtoto wao katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka shauri la mgogoro wa ndoa lipitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mzazi, mlezi, ndugu au afisa ustawi wa jamii kuomba amri ya matunzo mahakamani, na mahakama huangalia kipato cha wazazi wote wawili pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Sheria hiyo hiyo iliifuta ile ya zamani iliyokuwa na kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi, kiwango kilichokuwa dhihaka kwa mama na mtoto. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki zipokewe kama ushahidi. Maana yake ni kwamba ujumbe wa muamala na risiti zilizohifadhiwa vizuri vyaweza kumsaidia mama wa Tukuyu mbele ya hakimu, kwa uzito ambao machozi peke yake hayana.

La nne, itunze siri ya mtoto. Programu nyingi za bure hazina ubure wowote, kwani hulipwa kwa taarifa za mtumiaji. Jina la mtoto, picha yake, shule yake, ugonjwa wake na njia anayopita kwenda nyumbani si bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mzazi asome programu inaomba ruhusa gani. Programu ya kukumbusha chanjo inayoomba kusikiliza kipaza sauti na kusoma orodha ya namba zote za simu ina shughuli nyingine isiyoitaja.

Wajibu wa vyombo vya umma

Itakuwa si haki kumtwika mzazi mzigo huu wote peke yake. Mtumishi wa umma leo huomba likizo, huona hati yake ya mshahara na huomba uhamisho kwa njia ya mfumo wa kielektroniki. Serikali iliyoweza hayo haishindwi kulisaidia jambo la malezi. Ipo menyu ya Serikali ya *152*00#, ambayo hutumika hata kwa simu ya vitufe. Ingefaa Mamlaka ya Serikali Mtandao, pamoja na wizara zinazohusika, waweke humo huduma ya malezi: kumkumbusha mzazi siku ya kliniki, kumweleza haki ya matunzo kwa Kiswahili chepesi, na kumpa namba ya ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yake. Ile namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo, ibandikwe katika kila darasa na kila zahanati.

Hata hivyo ofisi ya ustawi wa jamii isiyo na afisa wa kutosha itaifanya namba hiyo iite bure. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba fedha ya programu na fedha ya watu ziende pamoja. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021, ilisema wazi kwamba lishe, afya, ulinzi, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio ni mambo ya kufungamana. Kufungamana huko hakutakuja kwa kuunganisha kompyuta za wizara peke yake. Kutakuja siku serikali ya kijiji cha Kilolo itakapoirudisha ile ajenda ya zamani katika mkutano wake: watoto wetu wanaendeleaje, na nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao?

Na kwa waajiri tuna neno moja. Kati ya maombi ya uhamisho yanayosubiri majibu yamo ya kufuata mwenza. Nyuma ya kila ombi la namna hiyo lenye watoto, kuna mtoto anayemwona baba au mama yake kwa dirisha la basi. Hatusemi kila ombi likubaliwe, maana shule za Chunya na Kilolo nazo zinahitaji walimu. Tunasema lijibiwe kwa wakati, na mtoto ahesabiwe miongoni mwa sababu. Kwa familia kama hiyo, programu ya malezi iliyo bora kuliko zote ni kibali cha uhamisho.

Walimu nao wana nafasi yao. Mwalimu wa darasa anayejua kwamba wazazi wa mwanafunzi fulani wametengana, na akatuma taarifa ya maendeleo kwa wote wawili kwa maneno yale yale na siku ile ile, ameondoa sababu moja ya ugomvi. Kazi hiyo haimgharimu zaidi ya ujumbe mmoja wa simu. Kikao cha wazazi nacho kisiishie katika michango ya chakula na madawati. Kitenge dakika chache za kujadili nani anawalea watoto wanaokuja shuleni bila kula.

Wapo watakaosema kwamba tunapinga maendeleo na kutaka kurudi kwenye karatasi. La hasha. Mzazi aliye mbali akiweza kuona sura ya mwanawe jioni, akasikia amepata alama ngapi za hesabu, hilo ni jema, na baba zetu waliokuwa wakingoja barua wangelitamani. Tunachokipinga ni mzazi kuipa simu wajibu wake, kisha akalala akidhani amelea. Kadi ya Iringa ilikuwa karatasi tu, lakini ilipoonyesha nyekundu, kijiji kizima kiliamka. Simu zetu zina rangi nyingi zaidi ya tatu. Kila mzazi wa Mbeya na Iringa aliye na programu ya malezi aifungue leo, atazame inamwambia nini juu ya mtoto wake, kisha aseme ni nani atakayetenda, na ni lini.